MAELEZO JUU YA KUKATALIWA MKATABA WA SIMU YA MKONONI NCHINI UINGEREZA

Wananchi na watumishi wa Serikali wanaokwenda Uingereza kwa masomo, kwa kazi au kuungana na jamaa zao, pamoja na wazee na ndugu wanaobaki nyumbani wakisubiri kupigiwa simu, wanaelezwa juu ya jambo ambalo mara kwa mara huwapata watu wasiodaiwa na yeyote, likawaletea mshangao na hata fedheha. Mtu huingia katika duka la simu, hujaza fomu ya mkataba wa miezi 24, hutoa pasi yake na kadi ya benki, na baada ya dakika chache huambiwa kwamba ombi lake halikukubaliwa. Akiuliza sababu, muuzaji hujibu kwamba hata yeye haijui, kwani jibu limeletwa na mashine. Hapo muombaji hutoka akiamini kwamba ametiliwa shaka mbele za watu, au kwamba amekataliwa kwa ajili ya jina lake na asili yake.

Ifahamike tangu mwanzo kwamba kukataliwa huko si hukumu juu ya uaminifu wa mtu. Ni uamuzi wa kampuni moja, kwa kanuni zake wenyewe, uliofanywa kwa kutazama jalada ambalo muombaji anayo haki kamili ya kuliona. Madhara makubwa hayatoki katika kukataliwa kwenyewe, bali katika yale ambayo mtu huyafanya baada ya kukataliwa kwa kutojua kuwa jalada hilo lipo. Kuna anayekimbilia kampuni ya pili na ya tatu siku hiyo hiyo, na kuna anayemuomba jamaa yake aliyekaa huko muda mrefu amkatie mkataba kwa jina lake. Njia zote mbili zina hatari, na zitaelezwa mahali pake.

Kwanza ni lazima kuelewa mkataba wenyewe ni kitu gani. Hapa petu, na Tanzania kwa jumla, walio wengi hutumia simu kwa kulipa kabla: mtu hununua simu yake kwa fedha taslimu, huweka vocha au hununua kifurushi, na kikimalizika simu hunyamaza. Usajili wa laini kwa alama za vidole ni wa kumtambulisha mwenye laini, wala haumpimi kwa uwezo wake wa kulipa. Mkataba wa Uingereza ni jambo jengine. Mteja hukabidhiwa siku ya kwanza simu ambayo thamani yake yaweza kufika pauni 1,000, na huilipia kidogo kidogo pamoja na matumizi yake kwa miaka miwili, na katika baadhi ya mipango hadi mitatu. Kwa hiyo anayekwenda kuchukua simu ya mkataba hakwenda kununua, bali amekwenda kukopa, ijapokuwa neno mkopo halikuandikwa mlangoni pa duka. Na kila mkopeshaji, hata muuza duka wa mtaani mwenye daftari lake chini ya meza, hutaka kujua anayemkopesha ni nani.

Kwa Uingereza, daftari hilo huwekwa na kampuni tatu kubwa za taarifa za wakopaji, nazo ni Experian, Equifax na TransUnion. Si idara za serikali, bali ni kampuni za biashara. Kazi ya namna hii ni kongwe huko. Katika miaka ya 1820 wafanyabiashara wa mji wa Manchester walikuwa na chama chao cha kupashana habari za watu waliochukua bidhaa wakakimbia bila ya kulipa, na karatasi za chama hicho zilipita kutoka duka hadi duka. Kilichobadilika leo ni kwamba karatasi imekuwa kompyuta, na kwamba huandikwa anayelipa vizuri pamoja na asiyelipa. Benki, kampuni za kadi za mkopo, kampuni za simu na nyengine nyingi hupeleka kila mwezi taarifa za wateja wao: nani amelipa kwa wakati, nani amechelewa, nani ameshindwa kabisa. Deni lililotangazwa kuwa limeshindikana hubaki katika jalada kwa miaka 6, na hukumu ya mahakama juu ya deni hubaki kwa muda huo huo, isipokuwa deni lilipwe lote ndani ya mwezi mmoja wa hukumu, ambapo hufutwa.

Hapa ndipo penye sababu ya kwanza, nayo ndiyo inayowapata zaidi wageni. Kutokuwa na deni si sawa na kuwa na sifa njema katika jalada. Tumchukulie mwalimu wa skuli ya Serikali aliyekopa Benki ya Watu wa Zanzibar kwa ajili ya kumalizia nyumba yake, akakatwa katika mshahara kwa miaka minne bila ya kukosa mwezi hata mmoja. Mwalimu huyu akifika Leicester au London kwa shahada ya pili, uaminifu wake wote huo umebaki huku. Tanzania inao utaratibu wake wa kuweka taarifa za wakopaji, ambao kanuni zake zilitolewa na Benki Kuu mwaka 2012, lakini mkopeshaji wa kawaida wa Uingereza hatazami kumbukumbu za huku, wala hazimfikii. Kwake yeye mwalimu amezaliwa siku aliyoshuka uwanja wa ndege. Mashine ikilifungua jalada lake hukuta karatasi tupu, na karatasi tupu haiipi chochote cha kuhesabu. Mara nyengine kijana wa huko aliyewahi kuchelewesha malipo mara moja akaendelea kulipa hukubaliwa, na mwalimu wetu asiyewahi kuchelewa akakataliwa. Jambo hili linaudhi, lakini si dharau. Mashine hupima kile kilichoandikwa tu.

Mwanafunzi wa mwaka mmoja ana mzigo wa pili. Anaomba kufungwa kwa miezi 24 hali masomo yake ni ya miezi 12, akaunti yake ya benki ina wiki tatu, na anwani yake ni ya dakhalia. Hata mtu mwenye huruma angesita.

Swali zito zaidi ni la wale waliokwishakaa huko miaka kumi na ishirini, wenye kazi, wanaolipa kila deni kwa wakati, na ambao wakifungua programu ya simu huonyeshwa alama za juu na maneno ya kuwasifu. Nao pia hukataliwa. Ni lazima ielezwe kwamba alama hizo anazoonyeshwa mteja si zile zinazotumiwa na kampuni ya simu. Kila moja ya kampuni tatu ina kipimo chake, kiasi kwamba mtu huyo huyo aweza kuwa bora kwa moja na wa wastani kwa nyengine. Tena mkopeshaji huchukua taarifa ghafi na kuzipima kwa mizani yake mwenyewe, akichanganya na yale aliyoyajaza muombaji katika fomu na kumbukumbu za kampuni yenyewe. Hapana sheria inayoilazimisha kampuni kumkopesha mtu kwa sababu alama zake ni nzuri mahali pengine. Kilichokatazwa ni kumkataa kwa ajili ya rangi, asili au dini, na katazo hilo limo katika Sheria ya Usawa ya mwaka 2010.

Katika sababu zinazowaangusha watu wenye majalada mazuri, ya kwanza kwa wingi, na ambayo kwa watu wa kwetu ina uzito wa pekee, ni majina. Sisi hujiita kwa jina letu, la baba na la babu. Fomu za Kiingereza hutaka jina la kwanza na jina la ukoo. Mtu huyo huyo hujaza benki jina la babu kuwa la ukoo, kwa mwajiri hujaza la baba, na katika bili ya umeme karani huandika alivyosikia. Mohamed huwa Mohammed, Khamis huwa Hamis, Saleh hupoteza herufi ya mwisho, na Abdulrahman hukatwa vipande viwili, kimoja kikawa jina la kati. Mke hubaki na jina la baba yake, kama ilivyo desturi yetu, ilhali hati ya pamoja ya nyumba imemwandika kwa jina la mumewe. Binadamu akisoma majina hayo huelewa kuwa ni mtu mmoja. Kompyuta yaweza kuona watu watatu, kila mmoja ana theluthi ya historia, na anayeomba simu akawa ni yule asiye na historia kabisa. Anayekwenda ughaibuni anashauriwa achague tangu siku ya kwanza namna moja ya kuandika jina lake, ile ile iliyomo katika pasi, herufi kwa herufi, na asikubali karani yeyote aibadilishe, hata kama karani ana haraka na foleni ni ndefu.

Anwani nayo ina mtego wake. Nyumba nyingi za London zimegawanywa vyumba, na mlango mmoja waweza kuandikwa namna tatu: nambari yenye herufi, ghorofa ya kwanza, au chumba nambari mbili cha nyumba nambari kadhaa. Ikiwa benki inayo namna moja na fomu ya simu ina nyengine, mashine haikutani na mtu wake. Hali kadhalika aliyehama mara tatu ndani ya miaka mitatu, asitaje anwani za nyuma, huacha mapengo. Ni vyema anwani iandikwe kama ilivyo katika orodha rasmi ya posta ya huko, ambayo hujitokeza yenyewe mtu anapojaza msimbo wa posta.

Yafuatayo hayajulikani sana, na huenda ndiyo yenye faida kubwa kuliko yote katika maelezo haya. Njia mojawapo kubwa wanayotumia wakopeshaji wa Uingereza kuthibitisha kwamba mtu anaishi pale anaposema ni daftari la wapiga kura. Wengi wa kwetu hudhani daftari hilo ni la raia wa Uingereza pekee. Sivyo. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi huko kwa kibali halali anayo haki ya kuandikishwa na kupiga kura, na Tanzania ni mwanachama wa Jumuiya hiyo. Mwanafunzi mwenye viza ya masomo anaweza kujiandikisha. Hakuna ada, na asiyekuwa na nambari ya bima ya taifa bado anaweza kuomba kwa kutoa uthibitisho mwengine. Jamaa zetu wenye uraia wa Oman, nchi isiyokuwa katika Jumuiya hiyo, hawana haki hii Uingereza yenyewe, lakini Scotland na Wales sheria zimewafungulia mlango wakaazi halali wa nchi zote kwa chaguzi za huko. Daftari lina nakala mbili, iliyo kamili na iliyo wazi kwa kila mtu. Aliyeomba jina lake litolewe katika nakala ya wazi asihofu, kwani kampuni za taarifa za wakopaji hutazama ile iliyo kamili. Asiye na haki ya kujiandikisha aweza kuzipelekea kampuni hizo uthibitisho wa makaazi na kuomba uongezwe katika jalada lake.

Sababu nyengine zitatajwa kwa ufupi. Simu iliyoombwa inaweza kuwa ya bei ya juu mno kwa kipato kilichojazwa, na mtu huyo huyo akaomba ya bei nafuu akakubaliwa. Huenda akawa na mikataba miwili tayari kwa ajili ya mke na mtoto. Pengine aliwahi kuwa mteja wa kampuni hiyo hiyo miaka mitano nyuma, akahama nyumba, na bili ya mwisho ya pauni 12 ikatumwa anwani ya zamani. Hakuiona, haikulipwa, na sasa imesimama katika jalada kama deni lililoshindikana. Mtu aliye na akaunti ya pamoja ya benki na mwenzake hufungamanishwa naye, na madeni ya mwenzake huweza kutazamwa hata baada ya wawili hao kuachana, mpaka mmoja aombe fungamano hilo likatwe. Kuishi nyumba moja tu hakumfungamanishi mtu na mwengine, na wanaoogopa kwamba deni la mpangaji aliyewatangulia linawafuata wao hawana haja ya khofu hiyo.

Ipo sababu moja ambayo haimo katika mambo ya mikopo hata kidogo, nayo ndiyo inayopaswa kuelezwa kwa sauti ya juu kwa vijana. Uingereza kuna taasisi iitwayo Cifas, inayoweka kanzidata ya udanganyifu ambayo benki na kampuni za simu huitazama. Kijana huombwa na mtu aliyekutana naye, au aliyemwandikia katika simu, apokee fedha katika akaunti yake ya benki na kuzipeleka mbele, naye abakiwe na kiasi kidogo kwa msaada wake. Huambiwa ni biashara ya kawaida, na mara nyengine aombaye ni mtu wa nyumbani. Fedha hizo huwa zimeibiwa. Benki ikigundua huifunga akaunti, na jina la kijana huwekwa katika kanzidata hiyo kwa miaka 6. Tangu hapo hapati akaunti kwa urahisi, hapati mkataba wa simu, na alama zake za mikopo zaweza kuendelea kuonyesha kuwa ni njema, kwa kuwa ni madaftari mawili tofauti. Kutumia akaunti namna hiyo ni kosa la jinai pia, na aliye huko kwa viza ana mengi zaidi ya kupoteza. Kwa upande mwengine, jina laweza kuwekwa humo kwa kumlinda mwenyewe, ikiwa mtu mwengine alijaribu kukopa kwa kujifanya ni yeye. Hapo ombi lake husimamishwa ili litazamwe kwa makini. Kwa vyovyote vile mhusika anaweza kuiandikia Cifas na kupewa bila ya malipo yale yaliyoandikwa juu yake.

Sasa tuje katika hatua za kuchukua. Aliyekataliwa asiombe tena mahali pengine siku hiyo. Ukaguzi kamili wa ombi huacha alama katika jalada, na alama hizo huonekana kwa wakopeshaji wengine kwa mwaka mmoja, na kwa baadhi hadi miaka miwili. Alama tano ndani ya wiki moja husomeka kama mtu aliyebanwa, anayegonga kila mlango. Kampuni nyingi hivi sasa zinao ukaguzi wa awali usioonekana na wengine, na ni busara kuuliza kwanza ni wa aina gani utakaofanywa.

Badala yake aiulize kampuni, kwa maandishi, ni kampuni gani ya taarifa za wakopaji iliyotumiwa, na kama uamuzi umetokana na jalada, na uwezo wa kulipa, au na uthibitisho wa mtu na makaazi. Simu inapotolewa kwa mkopo unaosimamiwa na Sheria ya Mikopo ya Wateja ya mwaka 1974, na ombi likakataliwa kwa sababu ya taarifa za kampuni hizo, mkopeshaji anawajibika kumjulisha mteja jambo hilo na jina la kampuni aliyoitumia. Muuzaji wa dukani hataweza kujibu. Barua ielekezwe makao makuu, nayo iwe fupi, yenye tarehe na nambari ya ombi.

Kisha aombe jalada lake kwa kampuni zote tatu, si moja. Zamani kulikuwa na ada ya pauni 2, lakini tangu mwezi wa Mei 2018 nakala ya kisheria hutolewa bure. Kampuni hizo hupenda kumuelekeza mtu kwenye huduma za kulipia kila mwezi, na asiyesoma vizuri hujikuta amejiunga. Nakala ya bure inatosha. Aisome kama mhasibu asomavyo hesabu: jina, tarehe ya kuzaliwa, kila anwani, kila akaunti, watu aliofungamanishwa nao, na orodha ya waliolifungua jalada. Akikuta kosa, huandika kuomba lisahihishwe, akiambatanisha ushahidi, na kampuni hutakiwa kujibu ndani ya siku 28. Ikikataa kusahihisha, sheria inamruhusu kuweka katika jalada maelezo yake mwenyewe yasiyozidi maneno 200, ambayo kila mkopeshaji atakayelifungua baadaye atayaona. Wazee wetu waliokuwa wakiandikiana deni mbele ya mashahidi wawili wangeifurahia haki hii ya mdaiwa kusema neno lake katika karatasi ile ile ya mdai.

Haki jengine ni ya kutazamwa na binadamu. Kwa mujibu wa sheria za Uingereza za ulinzi wa taarifa binafsi, ambazo zilitungwa upya mwaka 2018 na kurekebishwa mwaka 2025, mtu aliyefanyiwa na mashine peke yake uamuzi wenye athari kubwa kwake anaweza kutoa maelezo yake, kuupinga uamuzi huo na kutaka mtumishi wa kampuni autazame upya. Anayejua kwamba jina lake limeandikwa namna mbili, au kwamba yuko katika makaazi mapya, aitumie haki hiyo, kwani hayo ni mambo ambayo binadamu huyaelewa kwa dakika moja. Tahadhari inatolewa juu ya watu wanaotangaza kwamba watalisafisha jalada kwa malipo. Taarifa ya kweli hawawezi kuifuta, na taarifa ya uongo mwenyewe aweza kuisahihisha bila ya senti.

Wakati hayo yanaendelea, simu haina budi ipatikane, kwani huko bila ya nambari ya simu benki haikutumii namba ya siri ya kuthibitisha malipo, na kupata miadi ya daktari huwa kazi. Laini ya kulipa kabla hupatikana siku ya kwanza bila ya ukaguzi wa mikopo, na simu inayotoka nyumbani ikiwa haikufungwa na mtandao itaipokea. Baada ya miezi michache, mtu mwenye akaunti ya benki anaweza kujaribu mkataba wa laini tupu bila ya simu, ambao gharama yake ni ndogo na masharti yake ni mepesi. Kampuni zinazopeleka taarifa za malipo hayo humsaidia mteja kulijaza jalada lake lililokuwa tupu. Malipo ya laini ya vocha hayaingii humo, hata mtu akiitumia miaka kumi.

Limebaki jambo la kukopesha jina. Katika familia zetu ombi hili huja kwa lugha ya upole: “Kaka, wewe umeshakaa huku, nikatie simu kwa jina lako, kila mwezi nitakupa mkononi.” Kukataa huonekana uchoyo, na anayeombwa huona haya, hasa ikiwa aombaye ni shemegi au mtoto wa shangazi aliyefika jana. Lakini mkataba haumjui shemegi. Unamjua aliyetia saini. Mwezi wa kwanza na wa pili fedha huja. Wa tatu mgeni hajalipwa kazini. Wa nne amehamia mji mwengine na simu ameondoka nayo. Kuchelewa huko kote huandikwa juu ya mwenye jina, kwa miaka 6, na huenda ikawa ni yeye aliyekuwa akijitayarisha kuomba mkopo wa nyumba kwa ajili ya wanawe. Isitoshe, fomu za kampuni nyingi humuuliza muombaji kama simu ni kwa matumizi yake, na anayejibu uongo amefanya udanganyifu, jambo ambalo laweza kumpeleka katika lile daftari lililotajwa juu. Anayetaka kumsaidia mgeni wake amnunulie simu ya bei nafuu kwa fedha taslimu. Itakuwa ni zawadi iliyo wazi, na haitageuka kuwa kesi kati ya ndugu.

Wanaomaliza masomo na kurejea nyumbani nao wanakumbushwa. Mkataba haumaliziki kwa mtu kupanda ndege, wala kwa kuitupa laini. Makato huendelea maadamu akaunti ya benki ina fedha, na zikimalizika deni hukua mpaka likatangazwa kuwa limeshindikana. Na aliyerudi kwa shahada ya uzamivu baada ya miaka mitatu hulikuta likimsubiri. Kampuni iarifiwe kwa maandishi si chini ya siku 30 kabla ya safari, iulizwe kiasi kilichobaki hadi mwisho wa muda, kiasi hicho kilipwe, na bili ya mwisho inayoonyesha sifuri iombwe na kuwekwa pamoja na vyeti. Akaunti ya benki isifungwe mpaka bili hiyo ipatikane.